Neno Kifuani mwa Massoudi

Musafiri alipokuja na habari kwamba Massoudi haonekani tena gereji, Houda alikuwa amemshika bibi harusi mkono. Wa kulia ulikuwa umekwisha kuchorwa, wa kushoto ndiyo kwanza ameuanza. Musafiri hakuingia. Alisimama kizingitini kama mwanamume anayesubiri wanawake wamalize mambo yao, akasema kwa sauti ya chini kwamba ana neno. Houda alimwomba bibi harusi radhi, akatoka barazani na kijiti cha kuchorea kikiwa bado kati ya vidole.

Musafiri alikuwa mchomeleaji wa vyuma, mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, aliyehamia hapa mtaani Cibitoke na kufungua kibanda jirani na gereji ya Massoudi. Alieleza kwamba alipita nyumbani kwa Massoudi, mtaa wa Kinama, kumjulia hali mwenzake. Mke wa Massoudi alimwambia mgonjwa ana malaria, akamzuia asiingie. Lakini pazia lilipepea kidogo, na Musafiri alimwona Massoudi amekaa kitandani, amevaa koti la mvua lililofungwa hadi shingoni, joto lote hili, na kifuani koti limelowa.

"Limelowa na nini?" Houda aliuliza.

"Si jasho. Jasho apana kunuka vile."

Kijiti kilimponyoka Houda kikaanguka kwenye vumbi. Akashika nguzo ya baraza. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Katika kazi yake aliwahi kumwona bibi harusi mmoja aliyevimba mikono siku ya tatu baada ya kuchorwa, malengelenge yakifuata maua na majani kama yalivyochorwa, na tangu hapo kila alipokoroga unga wa piko, ile rangi nyeusi ya nywele inayochorewa ngozi, moyo wake ulikuwa ukisitasita kidogo.

Maisha yake yote Houda alikuwa akichora wanawake. Hina na piko, mikono na miguu, harusi na Idi. Herufi alifundishwa madrasa, na mwalimu wake alikuwa akisema mkono wa msichana huyu ungefaa kuandika misahafu. Mwaka huu mama mmoja wa mjini anayeitwa Joëlla, mwandaaji wa maonyesho ya sanaa, alimwalika alete kazi yake mwenyewe, si maua ya maharusi. Houda alikaa muda mrefu bila kujua alete nini. Ndipo siku moja alipoona mkono wa Musafiri. Musafiri alikuwa na chale ya sindano na masizi aliyochorwa akiwa kijana kwenye machimbo ya dhahabu: jina la mama yake, herufi zimechongoka kama miiba. Houda alimuuliza kwa nini jina la mama liandikwe kwa ukali namna ile. Musafiri alicheka, akasema kwamba pale machimboni usipotisha unaliwa, na hakuwa na jina jingine la kuandika.

Houda alirudi nyumbani na jambo hilo kichwani. Akaamua kuandika wanaume. Angetumia herufi za Kiarabu kwa maneno ya Kiswahili, lakini azikunje na kuzichongoa kama chale za watu wa machimbo na wa magereza, aziandike kwenye ngozi yenyewe kwa piko, apige picha, kisha zifutike zenyewe baada ya majuma machache. Na kila mwanamume angeandikwa neno moja tu, lile aliloambiwa siku alipotakiwa kuacha utoto. Walikubali wanne. Petroli ilikuwa imeadimika mjini, gereji zimelala, na mafundi walikuwa na nafasi ya kukaa. Alifanyia kazi Mutakura, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la mbao, mlango wazi mchana kutwa ili watu wasije wakasema yasiyokuwepo.

Kabla ya kumwandika mtu, alimpaka tone moja la piko nyuma ya sikio, akamwambia arudi baada ya siku tatu. Watatu walikubali. Massoudi alikataa. Alisema yeye ni mtu wa kushika injini za moto, si mtoto wa kujaribiwa kwa tone. Jua lilikuwa linaingia vizuri dirishani siku hiyo, kifua chake kilikuwa kipana, na neno alilolitaja lilikuwa zuri kuandika: Nyamaza. Houda alikubali. Aliliandika toka bega hadi bega, na Massoudi alikaa kimya muda wote, macho yake ukutani.

Sasa akiwa barazani, jambo la kwanza lililomjia halikuwa Massoudi. Lilikuwa Shakuru, kaka yake Massoudi, mwenye lile duka la mbao Mutakura. Ndiye aliyewapa chumba, ingawa kwa shingo upande. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, mtu mrefu mwenye mikono kama magogo anayouza, akauliza: na mudogo wangu akipata shida? Houda alimjibu kwa kicheko kwamba hakuna shida, ni mapambo tu. Kicheko kile sasa kilimrudia masikioni.

Alimpigia Massoudi. Simu ilikuwa imezimwa. Alirudi ndani, akamaliza mkono wa bibi harusi kwa hina tupu, akamwambia kwamba piko imemwishia. Kisha akatia pakiti ya unga ule kwenye mkoba, akajitanda mtandio, akaondoka.

Mabasi hayakuwepo. Kwenye kituo cha mafuta magari yalikuwa yamejipanga hadi yanapinda kona, madereva wamelala ndani milango wazi. Houda alitembea. Njia ya kwenda Kinama aliijua tangu utoto, lakini leo kila aliyemsalimia alimshtua. Alijiona tayari amekaa mbele ya polisi. Alijiona anazomewa sokoni: yule ndiye mwanamke aliyevua wanaume mashati akawaandika uchawi. Maana ndivyo watakavyosema. Nani atasikiliza habari za maonyesho? Herufi za Kiarabu kwenye kifua cha mtu aliyekufa, zimeandikwa na mwanamke asiye mke wake. Mara mbili alisimama akageuka kurudi. Mara ya pili alifika hadi kivuli cha kibanda cha kuuza makaa, akasimama pale, mwenye kibanda akamuuliza kama anaumwa. Alisema hapana, akaendelea mbele kwa sababu aliona haya kuendelea kusimama.

Mke wa Massoudi aliitwa Sikuzani, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Hayat kwa jina la binti yake. Houda alimkuta uani anafua mashuka. Maji kwenye beseni yalikuwa na rangi. Sikuzani alisimama, akajikausha mikono, akaja kujiweka kati ya Houda na mlango.

Baada ya salamu alisema mume wake ana malaria. Houda aliuliza habari ya kifua. Sikuzani alimtazama kwa makini, akasema mafundi wenzake wanapenda maneno.

"Ni asidi ya betri," alisema. "Ilimumwagikia kazini. Ameniambia mwenyewe, na apana kutaka niangalie."

Houda alisikia pumzi ikimrudi. Asidi ya betri. Massoudi mwenyewe alikuwa amelitamka hilo, hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kusema pole, akatoa mkono wa pole, akarudi Cibitoke, na hakuna mtu duniani ambaye angemfuata. Zile hatua chache za kutoka uani zilikuwa wazi nyuma yake. Lakini aliangalia tena lile beseni. Mgonjwa wa asidi atapakwa dawa ya asidi, na kinachomla kitaendelea kumla.

"Si asidi, Mama Hayat," alisema. Sauti ilitoka nyembamba kama si yake. "Ni piko. Mimi ndiye nilimwandika."

"Ulimwandika wapi?"

"Kifuani."

"Akiwa ametoa shati."

"Ndiyo. Mlango ulikuwa wazi, na Musafiri alikuwepo."

Sikuzani aliangalia vidole vya Houda, ncha zake nyeusi. Houda alisubiri kofi, na kwa kweli angelipokea kwa shukrani. Badala yake Sikuzani alichukua simu yake kutoka dirishani, akapiga, na Houda akasikia jina lililomtia baridi mwili mzima: Shakuru, njoo, njoo sasa hivi. Kisha akamwachia njia ya mlango bila kumkaribisha.

Ndani palikuwa na giza na harufu. Massoudi aliinua kichwa. Uso ulikuwa umevimba hata macho yamebaki mistari, na shingo ilikuwa imejaa juu ya kola ya koti. Kila alipovuta pumzi ilisikika kama mtu anayekoroma akiwa macho.

"Nani amekuita?" aliuliza.

Houda alisema hakuna. Massoudi alimwambia arudi kwake, ni malaria tu, kesho ataamka. Houda alichuchumaa mbele yake. Aliificha mikono yake chini ya mtandio. Alimuuliza kama amewahi kuvimba hivi kabla. Massoudi aligeuza uso. Ndipo Houda alipoziona ndevu zake vizuri kwa mara ya kwanza, jinsi zilivyokuwa nyeusi tii, nyeusi kupita nywele za kichwani, na akaelewa.

"Ndevu unazipaka rangi," alisema.

Massoudi alizigusa ndevu. "Nilizipaka mbele ya Idi. Midomo ilivimba siku mbili."

"Ni dawa ileile ya piko, kaka Massoudi. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie kwamba niko na mvi?"

Mahali pengine, siku nyingine, wangecheka. Houda alimsihi waende kituo cha afya, akamwambia kwamba aliyekwisha kuchomwa na rangi ile mara ya kwanza huchomwa vibaya zaidi mara ya pili, na ile pumzi yake haikuwa nzuri. Massoudi alikataa. Muganga wa pale kituoni atamvua koti, alisema, na herufi zimevimba, zimeinuka, kila mtu ataziona. Houda alimwambia waganga wengi hawasomi herufi zile.

"Shakuru anazisoma," Massoudi alisema.

Houda hakufahamu kwa nini jambo hilo limuogopeshe mtu kuliko kifo, na hakupata nafasi ya kuuliza. Huko uani geti lilibamizwa. Sauti nzito ilimuuliza Sikuzani jambo, Sikuzani akajibu kwa haraka, na katika maneno yote Houda alilisikia moja tu, jina lake. Chumba kilikuwa na mlango mmoja. Alisimama, akajibanza kwenye kona kati ya kabati na ukuta.

Shakuru aliingia akiinamia kizingiti. Hakumtazama Houda. Alimwendea mdogo wake, akamwamuru afungue koti. Massoudi alishika kola kwa mikono miwili kama mtoto. Shakuru aliivuta ile mikono, taratibu kuliko Houda alivyotarajia, akafungua vifungo. Shati la ndani lilikuwa limegandana na ngozi. Pale lilipoachana, herufi zilikuwa zimesimama, nyekundu na njano, kila mwiba aliouchora Houda umejaa maji. Sikuzani aligeukia ukuta. Houda aliuma mtandio wake ili asipige kelele.

Shakuru alisoma toka bega hadi bega. Midomo yake ilisogea. Kisha yule mtu mkubwa akakaa chini, kwenye sakafu, miguu imenyooka mbele yake.

"Nani alikupa neno hili?" aliuliza, na safari hii alikuwa anamuuliza Houda.

Houda alijikaza akasema ni Massoudi mwenyewe. Alisema aliwauliza wote waliambiwa nini siku walipoacha utoto, na yeye akasema hilo. Massoudi hakumweleza zaidi.

"Tuliambiwa wote wawili," Shakuru alisema.

Akasimulia akiwa palepale chini, bila kumtazama mtu. Ulikuwa mwaka wa vita, wao wangali wadogo, wanaishi nyumba nyingine hukuhuku Kinama. Walikuja watu wenye silaha, wakamwita baba yao nje kwa jina. Baba aliwasukuma watoto chini ya kitanda, akawaambia neno hilo moja, akatoka. Hakurudi. Massoudi alianza kulia kule chini, na Shakuru akamziba mdomo.

"Nilimuziba sana," alisema. "Mpaka akalegea. Nilizani nimemuua. Hatujasema habari hiyo hata siku moja, mi na yeye."

Nje jirani alikuwa anatwanga, na mchi ulisikika wazi mle ndani. Massoudi alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. Akatoa mkono, akamshika kaka yake begani.

"Shakuru, naogopa," alisema. "Pumzi apana kushuka. Naogopa sana."

Hapo ndipo Shakuru alipoinuka. Hakukuwa na gari wala pikipiki ya kukodi, petroli hakuna, kwa hiyo alimpandisha Massoudi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli iliyokuwa uani, Sikuzani akamshika mgongoni, na Shakuru akaisukuma kwa miguu, akikimbia. Houda aliwafuata nyuma na mkoba wake. Watu walitoka milangoni kuangalia. Mmoja aliuliza kuna nini, na Houda akapita kama kiziwi. Kichwa cha Massoudi kilikuwa kinaning'inia upande, na kila baiskeli ilipoingia shimoni Houda alidhani ndiyo mwisho.

Kituo cha afya kilikuwa na watu wengi, lakini muuguzi alipoisikia ile pumzi aliwapitisha mbele. Aliuliza ni nini. Sikuzani aliangalia chini, Shakuru aliangalia chini. Houda alitoa pakiti ya unga, akaiweka mezani, akasema ni hii, nimempaka mimi, na kabla yake alipaka ndevu. Muuguzi aliisoma pakiti, akamtazama Houda kwa namna ambayo Houda hajaisahau, akaita daktari.

Walimchoma sindano, wakafunga mlango. Houda alibaki kwenye benchi la saruji. Baada ya muda Massoudi alipiga kelele, maana walikuwa wanalibandua lile shati. Kisha akalia, kilio kirefu cha sauti ya juu, na wanaume waliokuwa kwenye foleni wakatazamana, wakaanza kutazama miguu yao. Houda aliziba masikio. Akayazibua, akaogopa zaidi asiposikia kitu. Alipomwona Shakuru anamjia alisimama wima, tayari kwa lolote. Shakuru alisema daktari amesema koo limeanza kufunguka, lakini usaha umeingia ndani na watamlaza. Akakaa upande wa pili wa benchi. Walikaa hivyo, wawili hao, mpaka jua likashuka.

Massoudi alipona, ingawa si upesi. Daktari alimwambia ukweli, kwamba kovu halitaondoka, atakuwa nalo mpaka mwisho. Houda alimweleza Joëlla yote. Picha ya Massoudi, ambayo ilikwisha kuchapwa kubwa kuliko zote, haikutundikwa. Zilitundikwa tatu, na watu wa mjini walikuja, wakazisifu. Houda alisimama karibu na mlango, akisubiri mtu amguse bega amwambie kwamba mwingine amevimba. Piko aliitupa yote chooni. Maharusi aliwaambia yeye sasa ni hina tupu, anayetaka weusi atafute mtu mwingine, na wengine walimwacha. Kila simu ilipolia aliipokea kabla haijalia mara ya pili.

Kinama alikwenda tena wakati bendeji zilipotolewa. Sikuzani alimpokea uani. Salamu alijibu, mkono hakutoa, na Houda hakuutegemea. Lakini safari hii hakujiweka mbele ya mlango. Alisema Shakuru huja kila siku baada ya kufunga duka, wanajifungia ndani na Massoudi, na mara ya kwanza aliposikia wanaume wawili wanalia chumbani kwake aliogopa, alikaribia kuita majirani. Sasa amezoea. Huwapelekea chai, anaiacha mlangoni.

Massoudi alikuwa amekaa dirishani bila shati, jeraha lipate hewa kama alivyoagizwa. Houda alipoingia hakujifunika. Ndevu zilikuwa zimenyolewa, na zile zilizoanza kuota zilikuwa na mvi. Houda alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi njia nzima, na yote yalimpotea. Massoudi aliuliza habari za wale wengine watatu, kama ngozi zao ziko sawa.

"Wako sawa," Houda alisema. "Nawapigia kila asubuhi. Nadhani nimewachosha."

Massoudi alitazama nje.

"Basi na mi unipigie," alisema.